Saruji Mbili

Katika miaka ya tisini nilikuwa mtarjumani katika idara moja ya serikali hapa Maskati. Kazi yenyewe haikuwa ya sifa. Barua zikija kwa Kiingereza nazigeuza Kiarabu, zikitoka kwa Kiarabu nazigeuza Kiingereza, na baina ya barua na barua nanywa chai. Kiingereza nilikisoma Unguja nilipokuwa mdogo. Kiarabu cha kuandika nilikipata hapa ukubwani, katika madarasa ya jioni, na mpaka leo nikifika kwenye alama ya hamza najiuliza ikae juu ya herufi gani. Kiswahili hakikuwamo katika mkataba wangu wa kazi. Hicho kilikuwa cha nyumbani Wadi Kabir, cha mama yangu na dada zangu, cha harusini na matangani.

Katikati ya miaka hiyo idara ilimleta mshauri wa Kizungu aje azitazame nyumba kongwe za Matrah. Watu walikuwa wakizihama. Kila aliyepata kiwanja katika mitaa mipya ya Khuwair au Ghubra alijenga nyumba yenye nafasi ya kuweka magari mawili, akaiacha ya babu yake iwe ghala la mchele na majora ya nguo, au ianguke pole pole yenyewe. Mshauri alizunguka wiki kadhaa na kofia yake pana, akapiga picha milango na dari, kisha akaandika ripoti nene nikakabidhiwa mimi.

Ripoti ilikuwa na jambo moja kubwa. Kwao, aliandika, mwenye nyumba ya kihistoria akiahidi kuitunza kama ilivyo, serikali humpunguzia kodi ya nyumba, naye huona faida ya kutoibomoa. Akashauri na sisi tufanye hivyo. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu Oman hakuna kodi ya nyumba. Mtu akiwa na nyumba yake, kongwe au mpya, anakaa ndani yake na hakuna anayembishia hodi kumdai cha mwaka.

Nilimpelekea mkuu wetu ukurasa ule. Alikuwa mtu wa Nizwa, mpole, mwenye mazoea ya kukunja na kukunjua pembe ya karatasi anaposikiliza. Akausoma mara mbili.

"Sasa sisi," akasema, "tutamsamehe mtu deni asilodaiwa?"

Hakuwa anafanya mzaha. Swali lile lilikaa mezani kwa miezi, vikao vikaitishwa, na mimi nikakaa pembeni ya meza nikigeuza maneno ya huku kuyapeleka kule. Mwisho yakapatikana mambo mawili ambayo mwenye nyumba kongwe kweli alikuwa akiyalipia. Aliyepangisha vyumba alitoa ada kwenye mkataba wa pango. Aliyetaka kutengeneza alitoa ada ya kibali. Ikakubaliwa kwamba, kwa majaribio, katika mtaa mmoja tu nyuma ya soko la Matrah, ada hizo zitaondolewa kwa mwenye nyumba atakayetia saini masharti. Asibomoe. Asipanue madirisha. Na kuta za nje zikihitaji kutengenezwa, zitengenezwe kwa udongo ule wa kale, uliochomwa ukasagwa, ambao ndio uliojengea ngome na mifereji ya nchi hii. Waomani wanauita saruji. Atakayevunja sharti atatolewa katika orodha, na atalipa yote aliyosamehewa.

Sharti la ukuta nililigeuza mimi. Nilihangaika nalo siku nyingi, maana mshauri alikuwa ameeleza kwa kirefu namna kuta za kale zinavyopumua, namna unyevu unavyopanda kutoka ardhini na kutoka nje taratibu, na namna simenti ya kisasa inavyouziba unyevu huo ndani mpaka ukuta ukaoza. Niliandika neno saruji mara nyingi kiasi kwamba nililiona hata nikifumba macho.

Baadaye nikatumwa mitaani pamoja na mhandisi wetu, Msudani mrefu mwenye subira, aliyependa kuweka kiganja ukutani kabla ya kusema neno. Yeye alipima na kuandika, mimi nikaeleza masharti. Nilidhani natumwa kwa ajili ya Kiarabu changu. Lakini saa za asubuhi wanaume wako makazini, na katika baadhi ya nyumba zile waliotufungulia walikuwa kina mama wetu waliorudi kutoka Unguja na Mrima, ambao Kiarabu chao kilikuwa cha dukani na cha swala. Basi Kiswahili changu kikapata kazi ya serikali bila ya kuandikiwa barua.

Nyumba ya tano au ya sita ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Alizaliwa Unguja, akaolewa na kijana wa Matrah aliyekwenda kule kufanya biashara, na miaka ya sabini mwanzoni wakarudi pamoja kwenye nyumba ya baba yake mume. Mumewe kabla hajafa alimwandikia nyumba ile iwe yake. Binti yao mmoja ameolewa Dubai. Vyumba vya chini bibi aliwapangisha wauza nguo waweke majora yao. Yeye akakaa juu, kwenye sebule ndefu yenye boriti nyeusi zilizotoka pwani ileile aliyotoka yeye. Watoto wa shemeji yake walikuwa wakija kila Idi kumshauri auze. Yeye akiwapa halua na kahawa, na jawabu hakuwapa.

Alipojua mimi ni mtu wa kwetu alinikalisha karibu naye, akanikatia mkate wa kumimina, akamtilia mhandisi chai bila ya kumwuliza kama anataka. Nikamweleza khabari ya msamaha wa ada.

"Msamaha?" akaniuliza. "Kwani mie nimekosa nini, mwanangu, hata serikali inisamehe?"

Nikacheka, nikamwambia ni neno tu la maofisini, maana yake hatolipa. Akatikisa kichwa. Alisema basi waseme hivyo, kwamba hatolipa. Mtu wa umri wake akiambiwa amesamehewa hukaa akajikumbusha mambo.

Kisha akatupeleka kwenye roshani tuutazame ukuta wa uchochoroni. Ulikuwa umevimba kama shavu la mtu anayeumwa na jino. Mvua za nyuma zilikuwa zimeingia juu, udongo ndani ukalegea. Alisema hilo ndilo linalomnyima raha, kwa sababu watoto wa shemeji wanasema ukuta ule ukianguka utaua mtu, na hapo nyumba itabomolewa yote atake asitake. Mhandisi akaweka kiganja chake, akagonga kwa kifundo cha kidole, akaniambia kwa Kiarabu kwamba unatengenezeka, hauna khatari bado, ila sharti lifuatwe. Nami nikamgeuzia bibi.

"Unatengenezeka, Bi Mkubwa. Ila utie saruji tu. Usitie kitu chengine."

"Saruji tu?"

"Saruji tu. Na wakija mafundi kukwambia wanacho kitu bora kuliko hicho, usiwasikilize."

Akarudia maneno yale mwenyewe, kama mtu anayeagizwa dukani. Tukarudi sebuleni akatia saini kwa Kiarabu, herufi kubwa kubwa zilizonyooka, akamshukuru mhandisi, na mimi akanifungia kipande cha mkate kilichobaki nikampelekee mama yangu.

Nafikiri msomaji wa Kiswahili ameshaona nilichofanya. Mimi sikuona. Nilikuwa na udongo wa Kiarabu kichwani, nikautamka kwa Kiswahili, na neno lilikuwa lile lile.

Tulirudi baada ya miezi mitano au sita, hari ya kiangazi imekwishapungua, kwenda kukagua. Bibi alitupokea mlangoni chini, jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza, kwa sababu ya magoti yake. Alikuwa amevaa kanga mpya. Akatutangulia kwa mwendo wake wa kujikongoja mpaka uchochoroni, akasimama, akatuonyesha kwa mkono.

Ukuta ulikuwa umenyooka, wa kijivu, laini kutoka chini mpaka kwenye roshani. Shavu halikuwapo tena. Mafundi walikuwa wamebomoa palipovimba wakajaza matofali ya simenti, kisha wakapiga lipu ya simenti ukuta mzima.

Mhandisi hakuweka kiganja. Alisimama tu, kalamu mkononi.

Nikamwuliza bibi nani aliyemfanyia kazi ile. Akaniambia alipata mafundi huko Hamriya, watu wazuri, wameleta mifuko kwa pikapu mpaka kwenye mdomo wa uchochoro kisha wakaibeba mgongoni. Akasema fundi mmoja alitaka kumtilia chokaa juu, yeye akakataa. Alimwambia serikali imesema saruji tu.

"Serikali gani, Bi Mkubwa?"

"Si weye," akasema, bado anatabasamu. "Weye ndiye uliyenambia. Saruji tu, nisitie kitu chengine. Nimefanya kama ulivyosema, herufi kwa herufi."

Sijui niliona nini usoni mwa mhandisi, au yeye usoni mwangu. Akaniuliza kwa Kiarabu anasema nini. Nami nikajibu kwa haraka, kabla hata sijajua kwamba nimeamua, nikasema: "Anasema hakufahamu."

Yeye akaandika. Bibi alikuwa akitutazama, mara huyu mara yule, na tabasamu lake likipungua. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia tutamjulisha. Hayo ndiyo maneno niliyomwachia mwanamke aliyenifungia mkate, nikaondoka nyuma ya mhandisi, na kanga ile mpya ikabaki inang'ara uchochoroni.

Garini mhandisi alinieleza, kwa masikitiko na si kwa ukali, kwamba ukuta ule sasa una maradhi mabaya kuliko ya mwanzo. Chumvi itapanda kutoka ardhini, itakosa njia, itasukuma. Baada ya miaka michache ile lipu itabanduka na kuondoka na jiwe lake. Na kwa upande wa masharti, hana la kufanya. Ataandika kwamba mwenye nyumba amevunja ahadi, nyumba itolewe katika orodha.

Ripoti yake ilinifikia mezani siku ya pili, niigeuze Kiingereza kwa ajili ya mshauri. Ilikuwa na sentensi saba. Ya nne ilisema mwenye nyumba alielezwa masharti kwa lugha yake na akayakubali. Nikaigeuza. Kila neno lilikuwa sahihi. Nikaiweka kwenye droo na sikuipeleka.

Jioni nilikwenda kwa mama yangu. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nikakaa, nikamwuliza bila ya utangulizi, "Mama, ukisikia saruji, unafahamu kitu gani?"

"Saruji ya nini?"

"Saruji tu."

"Saruji si hii ya mifuko," akasema, wala hakuinua macho. "Ya kujengea. Simenti. Kwani kuna saruji nyengine?"

Nikamwambia iko. Nikamweleza kwamba kwa watu wa huku ni udongo unaochomwa. Mama akasema yeye amekaa nchi hii miaka zaidi ya ishirini na hajapata kulisikia hilo. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha mchele, akaniuliza nimefanya nini. Nilimweleza yote, na lile la "hakufahamu" pia. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba yule bibi sasa hivi yuko kwake anajiuliza alikosea wapi, na hatopata jawabu hata akeshe, kwa kuwa hakukosea.

Siku tatu zaidi zilipita. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa mkuu kesho yake asubuhi, lakini sikwenda. Nilikuwa na watoto wawili shule, mume wangu alikuwa baina ya kazi na kazi, na nilijua kwamba katika idara ile wapo waliosema tangu zamani kuwa sisi wa Zinjibari tunachukua nafasi za watu na Kiarabu hatujui. Kukiri kosa la neno, mimi ambaye kazi yangu ni neno, niliona ni kuwapa kisu na kuwanolea. Nikawa najisemea kwamba bibi mwenyewe angeliuliza. Kwamba mafundi wangelijua. Kwamba mhandisi naye angelimwonyesha kwa mfano. Yote yalikuwa na ukweli kidogo. Lakini kila nikifika kwenye sentensi ya nne nilisimama.

Siku ya nne niliandika barua ya nusu ukurasa, kwa Kiarabu, kwa mkono wangu. Niliandika kwamba neno saruji kwa Kiswahili maana yake ni simenti, kwamba nilimwambia mwenye nyumba atie saruji tu, na kwamba alifuata maelezo ya idara kama alivyopewa. Nikaiambatanisha na ripoti ya mhandisi, nikampelekea mkuu, nikabaki nimesimama.

Alisoma huku akikunja pembe ya karatasi. Akaniuliza kama ni kweli, kwa Kiswahili ni simenti. Nikamwambia ni kweli. Akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akanisimulia kwamba alipokuwa mdogo huko kwao wanawake walitoka alfajiri kwenda kuukanyaga udongo ule, mama yake miongoni mwao, na kisha magogo ya mitende yakapangwa juu na kuchomwa kwa siku kadhaa. Alisema harufu ya moshi ule haijamtoka.

"Na huko kwenu," akaniuliza, "lilifikaje neno na udongo usifike?"

Hakungoja nijibu. Akaniuliza swali zito kuliko lile: ni nyumba ngapi nyengine nilizozieleza kwa Kiswahili?

Zilikuwa nne. Akanitaka nizirudie zote wiki ile ile, mhandisi awepo, na safari hii nichukue udongo wenyewe mkononi. Kuhusu nyumba ya bibi alisema hawezi kuamua peke yake, lakini haoni haki ya kumtoa mtu orodhani kwa kosa la ofisi. Kuhusu mimi alisema ataandika onyo katika faili langu. Aliandika. Nililiona baadaye, mistari miwili, na sikuona kama nimeonewa.

Siku ya kwanza ya kuzunguka mhandisi ndiye aliyeendesha gari. Tulipofika kwenye taa za Ruwi ndipo aliposema kwamba lile lililomuudhi si saruji. Lililomuudhi ni kuwa alimwandikia mwanamke mzee uvunjaji wa ahadi kwa kuutegemea ulimi wangu. Nikamwomba radhi. Akasema imekwisha, na kweli ilikwisha, maana hakulitaja tena miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Katika zile nyumba nne, tatu hazikuwa zimefanyiwa kitu. Ya nne, mifuko kumi ya simenti ilikuwa imepangwa chini ya ngazi ikingoja fundi atoke safari. Mwenye nyumba, mzee mmoja aliyezaliwa Tabora, aliutazama ule udongo kwenye kiganja changu akaniambia kwamba ningelileta mapema asingeliazima pikapu ya watu.

Kwa bibi nilikwenda peke yangu, siku ya Alkhamisi, siku isiyokuwa ya kazi. Nilimkuta juu. Hakunikatia mkate. Nikamweleza yote yalivyokwenda: neno moja, vitu viwili, na mimi ndiye niliyelisema, na ile siku uchochoroni nilimwambia mhandisi kwamba yeye ndiye hakufahamu.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua umesema kitu," akasema. "Kiarabu changu kibovu, lakini *ma fahmat* naijua. Huambiwa mie kila siku sokoni."

Nikamwambia anisamehe.

"Ntakusamehe," akasema. "Lakini ukuta je?"

Nikamweleza kwamba ukuta unabidi ubanduliwe. Simenti yote itolewe, pole pole, kabla haijakamata sana, na ile sehemu ya matofali ifunguliwe ijazwe jiwe na udongo. Idara itamtafuta fundi anayejua, lakini gharama ni ya mwenye nyumba. Ndivyo sheria ilivyo. Nikamwambia mimi nitachangia ninachoweza. Nilikuwa nimejitayarisha kumbembeleza aupokee mchango wangu. Hakungoja kubembelezwa.

"Lete," akasema. Basi.

Fundi alipatikana kutoka upande wa Nizwa, kwa msaada wa mkuu mwenyewe, ambaye alipiga simu kwa jamaa zake bila ya kutuambia. Mtu mkavu, mchache wa maneno, aliyekuwa akitengeneza mifereji ya maji maisha yake yote na hakuwa amewahi kutengeneza nyumba ya mjini. Alileta udongo wake kwa magunia. Kazi ya kubandua ilichukua majira yote ya baridi, kwa kuwa alikataa kugonga kwa nguvu. Alisema ukigonga kwa hasira ukuta unakujibu kwa hasira. Mimi nikienda Alkhamisi baada ya kuwapikia watoto. Mwanzo nilikwenda kutafsiri baina yake na bibi. Baadaye nikapewa nyundo na tindo nami, nikawa nabandua sehemu ya chini ninayoifikia, na bibi ameketi mlangoni kwenye kibao, akinielekeza palipobaki.

Si kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Katika pembe ya juu simenti iliondoka na lile jiwe la kale, likaanguka pande zima uchochoroni, ikabidi njia ifungwe siku mbili na wenye maduka wakalalamika. Watoto wa shemeji walikuja wakaona tundu, wakapiga picha. Wakati mwengine nilikuwa nikiondoka pale mikono imevimba, nikijiuliza kama kuibomoa yote isingelikuwa rehema. Bibi hakupata kulisema hilo. Alichosema zaidi ni kwamba ninashika tindo kama ninayeshika uma.

Mwaka uliofuata ulipokaribia kwisha ukuta ulikuwa umekamilika. Haukuwa mzuri kama ule wa simenti. Ulikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, na mawimbi mawimbi ya mkono wa fundi. Mhandisi alikuja, akaweka kiganja, akakaa hivyo muda. Akaandika. Nyumba ikabaki katika orodha, na bibi alipoandikiana mkataba mpya na wauza nguo hakulipa ada. Nilikuwapo siku ile. Aliitazama karatasi yenye muhuri, akaniuliza ndio hiyo tu? Nikamwambia ndio hiyo tu. Akaikunja akaitia ndani ya msahafu wake.

Yale majaribio hayakudumu. Mshauri alikwisha rudi kwao, mkuu wetu akahamishwa, na aliyemfuata aliona ni kazi kubwa kwa ada ndogo. Sikubaliani naye moja kwa moja, wala simpingi. Nimefikiri sana juu ya jambo lile tangu hapo. Kiasi kilichosamehewa kwa nyumba zote zile kisingelitosha kununulia jiwe la ngazi moja. Wengine walitia saini na nyumba zao zikaanguka vilevile, kwa sababu watoto wao walitaka kuegesha gari mlangoni, na hakuna ada ya kumwondolea mtu inayoweza kushindana na hilo. Lakini kwa bibi yule karatasi ile ilifanya kazi nyengine. Kila Idi watoto wa shemeji wakija kumshauri auze, alikuwa akiwaambia hawezi, nyumba imeandikwa serikalini. Haikuwa kweli sana, hasa baada ya orodha yenyewe kufungwa. Hakuna aliyemsahihisha, na mimi niliyejua, nilinyamaza, na kunyamaza kule sikukujutia.

Alikufa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumbani kwake, juu. Wauza nguo walihamia Hamriya kwenye maduka makubwa zaidi. Binti yake akafunga mlango akarudi Dubai.

Mwaka wa kile kimbunga kikubwa kilichofurikisha mji mzima, maji yalipopungua nilikwenda Matrah kutazama. Nilikuwa na hamu ya kujua ukuta wangu. Ulikuwa umesimama. Kilichoanguka kilikuwa dari ya upande wa pili, sebule ile ndefu, boriti na mikeka yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kufagia majani kwenye mifereji ya juu na maji yalikaa mpaka yakapasua. Bibi alikuwa akiifagia mwenyewe, kila mvua ikinukia, kwa magoti yale. Sharti hilo halikuwamo katika karatasi yetu. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuliandika.

Mlango ulikuwa wazi, na ndani alikuwamo mwanamke wa makamo, abaya yake imepandishwa isilowe. Alikuwa binti wa bibi. Alikuja kuonana na mnunuzi, jirani aliyetaka kuondoa ghorofa ya juu na kuibakisha ya chini awe na duka la vitu vya kale kwa watalii. Nikajitambulisha kwamba nilikuwa nikifanya kazi idarani zamani.

"Weye ndiye yule wa saruji," akasema.

Nikakubali kwamba ndiye.

Nikamwuliza mama yake alikuwa akisema nini juu yangu. Akafikiri kidogo, akasema mama yake hakuwa na mengi. Alikuwa akimsimulia kwenye simu tu kwamba leo mwanamke wa serikali amekuja tena, na bado hajui kushika tindo. Kisha akaniuliza kama nadhani auze. Nikamwambia sijui, na kwamba kama mnunuzi ataiacha ya chini, basi amwandikishe kwa maneno yaliyo wazi ni kuta zipi zisiguswe, na amwonyeshe kwa kidole.

Akasema atafanya hivyo. Akaniletea glasi ya maji, tukakaa kwenye ngazi zilizokuwa kavu, tukamngoja yule jirani aje.